Kasereka Wawili

Jumamosi, 14 Septemba 2002. Butembo

Leo imenyesha mvua ya kwanza ya maana. Nikiona maji yanashuka Bulengera yakiwa mekundu namna hii, najua mambo mawili: njia ya Beni itaharibika, na paneli yetu ya jua itatunyima umeme. Nitakaa sana mbele ya kompyuta iliyozimika, basi bora niwe na kitu cha kuandika.

Naitwa Hadassa Kavugho. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na simjui mwanamke mwingine mjini hapa anayeifanya. Mama yangu angesema najisifu. Ndiyo, najisifu.

Ofisi yetu ya afya, ambayo mkuu wake tunamwita Daktari tu, iko juu ya duka la misumari na mabati. Tuna kompyuta moja hapa na nyingine Beni. Zote zilipita mpaka wa Kasindi zikiwa zimefichwa katikati ya marobota ya mitumba. Programu yetu huhesabu vipimo vya dawa. Muuguzi anampima mtoto kwa mizani, anasoma kilo, kisha anatazama jedwali lililobandikwa ukutani: kilo hizi, dawa kiasi hiki. Jedwali hilo tunalitoa sisi. Dada yangu Agar ni muuguzi wa kituo kimoja cha Mulekera, kule Beni, na hulitumia kila siku. Kila nikiwaza hilo shingo yangu inarefuka kidogo.

Tunaandika kwa Smalltalk. Uzuri wake ni kwamba kila kazi ndogo unaiandikia kipande chake cha maagizo, kinaitwa metodi, na jina la metodi unachagua mwenyewe. Ukichagua vizuri, programu inasomeka kama mtu anaongea. Naweza kuandika hivi:

dawa kipimoKwaKilo: 7

na hata mchungaji wetu akaelewa.

Tatizo ni Papa Zorobabel.

Jumatatu, 16 Septemba

Papa Zorobabel alikuwa mwalimu wa hesabu Luofu kabla vita havijamfukuza. Smalltalk alijifunza mwenyewe kwa CD moja na kitabu cha Kifaransa kilichotolewa fotokopi, kisha akanifundisha mimi. Sehemu kubwa ya programu ni mkono wake, na hakuna hesabu hata moja iliyokosewa. Lakini majina!

Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza mara nyingi ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na ni hivyo nyumba hata nyumba. Basi Papa Zorobabel ameziita metodi zake vivyo hivyo. Ya kwanza aliyoandika kuhusu dawa ni paluku, inayofuata kambale, kisha kasereka. Leo nilimuuliza.

"Papa, hii kasereka inafanya nini?"

"Inafuata kambale."

"Hapana, nauliza kazi yake."

"Kazi inabadilikaka, mwana yangu. Kuzaliwa hapana. Leo unaiita kipimo, kesho Daktari anabadilisha mambo, jina inabakia bongo. Lakini wa tatu ni wa tatu mpaka Yesu arudi."

Bongo kwetu ni uongo. Nilirudi kwenye kompyuta kutafuta jibu la kumpa.

Alhamisi, 19 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Hakuna umeme. Jibu nimelipata, ila Papa Zorobabel ameshaenda nyumbani: jina likigeuka bongo, linabadilishwa. Kinachotakiwa ni mtu wa kulikagua.

Jumatano, 25 Septemba

Mtu huyo nimeanza kumtengeneza. Nimemwita Mkaguzi.

Smalltalk ina jambo moja ninalolipenda kuliko yote: programu inaweza kujisoma yenyewe. Mkaguzi wangu anapita kila metodi, anasoma jina, anasoma kilicho ndani, na akiona kasoro anaandika. Masharti niliyompa ni machache. Jina la metodi liseme kazi yake. Metodi inayouliza swali ianze na "ni": niMtoto, niMjamzito. Metodi isiyoitwa na yeyote iondolewe. La mwisho, disketi ikitoka Beni, kila metodi iliyomo ilinganishwe na ya kwetu kabla ya kuingia, maana Smalltalk ina adabu mbaya moja: ukiiletea metodi yenye jina ambalo tayari lipo, inafuta ya zamani na kuweka mpya bila hata kukohoa.

Mashine haijui kazi inaitwaje, kwa hiyo nimempa orodha ya maneno ambayo si kazi. Ndani nimeweka Paluku, Kambale, Kasereka na ndugu zao wote. Niliandika nikicheka peke yangu.

Jumatano, 2 Oktoba

Jua zuri. Nimemwachia Mkaguzi afanye kazi kwa mara ya kwanza, na malalamiko yake yamejaza kioo cha kompyuta, yakashuka, yakaendelea kushuka. Karibu yote ni ya Papa Zorobabel. Alisoma mpaka chini, akavua miwani.

"Barrière za askari ziko mingi kwa njia ya Beni. Sasa unaleta ingine mu ordinateur yetu?"

"Hii haiombe feza, Papa."

"Inaomba heshima yangu. Hiyo njo mubaya zaidi."

Nilimwambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Akanijibu kwamba ukuta wake umesimama tangu mwaka jana na haujamwangukia mtu. Na ni kweli, haujaanguka, ndiyo maana nina hasira.

Jumanne, 8 Oktoba

Mawingu. Paneli imetupa umeme wa taa tu.

Jumapili, 13 Oktoba

Ibadani tumewaombea watu wanaokimbia vita upande wa Mambasa. Wanaingia Beni kwa miguu, na wengi wanaishia Mulekera. Jana kwenye phonie, ile redio ya ofisi tunayoongelea na Beni, Agar alikuwa amekauka sauti. Malaria imewakamata watoto waliolala porini kwenye mvua, na mikeka ya kituo haitoshi.

Baada ya ibada tulitembea pamoja mimi na Papa Zorobabel mpaka njia panda. Nilitaka kumchokoza kidogo kuhusu majina, lakini alianza yeye.

"Siku tulitoka Luofu, niliacha nyumba, niliacha shamba ya maharagi, niliacha masomo. Mwalimu sikuwa tena mwalimu. Kwa njia batu walikuwa wananiuliza: wewe ni nani? Nilibaki na jina moja ya kujibu. Kasereka. Wa tatu wa mama yangu. Ile hakuna mwenye bunduki aliweza kuninyanganya."

Nilikuwa nikidhani ni ukaidi tu. Kumbe mtu anashika kilichombakia. Bado nasema kwamba metodi si mtu, lakini leo sikuwa na moyo wa kulisema.

Jumanne, 22 Oktoba

Kazi imekuja. Kutoka Kampala zimeingia ampuli za kwinini, vichupa vya dawa ya malaria, na nguvu yake si ile ya zile tulizozoea. Jedwali la zamani halifai tena. Muuguzi akilifuata kwa ampuli hizi atakosea. Daktari anataka jedwali jipya kwa vituo vyote kabla ya mwisho wa mwezi, kwanza Mulekera.

Papa Zorobabel ameandika upya metodi yake ya kwinini. Inapokea kilo za mtoto, inatoa kipimo, kisha programu inakigeuza kuwa kiasi cha kuvuta kwenye ampuli. Amekaa na Daktari, wamehesabu kwa kalamu kila kilo. Nimeisoma na lazima niseme ukweli: ni metodi safi, hakuna neno la ziada. Ningeweza kujivunia kama ingekuwa yangu.

Inaitwa kasereka.

Jumatatu, 28 Oktoba

Phinées amefika kutoka Beni na tope hadi magotini. Yeye ndiye anayeitunza kompyuta ya kule. Ni kijana mpole, mwanafunzi wa Papa Zorobabel tangu Luofu, na anaandika kama mwalimu wake. Ameleta disketi yenye kazi yake mpya, kipimo cha dawa ya kutuliza homa kwa watoto. Tumeitia kwenye kompyuta yetu, na kompyuta imeimeza bila neno.

Nilisema Mkaguzi apite kwanza. Papa Zorobabel akaonyesha dirisha: wingu jeusi juu ya mji mzima.

"Betri inabakia na nguvu ya kazi moja. Ni imprimante ichape ao ni polisi yako ipite. Chagua."

"Polisi."

"Na batoto ya Mulekera bangojee polisi?"

Hapo alinishinda, maana Daktari alikuwa mlangoni akisubiri karatasi, na Muyisa, yule jamaa wa pikipiki anayetuchukulia mizigo, alitaka kuondoka alfajiri. Tulichapa. Vipimo vilionekana sawa: mtoto mdogo kidogo, mtoto mkubwa zaidi. Daktari akatia sahihi bila kuvilinganisha na karatasi yake ya kalamu. Mimi nilinuna mpaka nyumbani.

Jumanne, 29 Oktoba

Muyisa ameondoka na jedwali la Mulekera ndani ya plastiki. Mvua.

Alhamisi, 31 Oktoba. Beni

Naandika nikiwa kwenye ukumbi wa kituo cha Agar. Mikono bado inanuka petroli. Nitajaribu kueleza ya jana kwa utaratibu.

Asubuhi jua lilitoka kali. Sikumsubiri mtu, niliiweka disketi ya Phinées, nikamwita Mkaguzi ailinganishe na nakala tuliyoihifadhi kabla ya kuimeza. Akaandika mistari hii:

kasereka: wako wawili.
Maandishi hayafanani.
Aliyebaki ni wa Beni.

Nilisoma mara ya pili nikiwa nimesimama. Kila nyumba ina Kasereka wake. Papa Zorobabel huku Butembo alipata metodi ya tatu, akaiita kasereka: kwinini. Phinées kule Beni naye alipata metodi ya tatu, akafuata desturi hiyo hiyo ya mwalimu wake, akaiita kasereka: dawa ya homa. Tulipounganisha nyumba mbili, Kasereka wa Beni alikalia kiti cha Kasereka wa Butembo, na kompyuta haikulalamika. Jedwali la kwinini lililoondoka lilikuwa na vipimo vya dawa ya homa, ambavyo ni vikubwa kwa nusu nzima. Si vikubwa vya kumshtua mtu, ila kwinini ikizidi kiasi hicho inaweza kuusimamisha moyo wa mtoto. Na Agar asingeweza kushtuka, kwa kuwa ampuli zilikuwa ngeni na tulimwambia sisi wenyewe asahau jedwali la zamani.

Papa Zorobabel alipoingia nilimwonyesha kioo tu. Aliketi. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno ya kumwambia siku kama hii, maneno makali kweli, lakini nilipouona uso wake niliyaacha nikamwekea maji mezani.

"Phonie," alisema.

Phonie ilikuwa imefungwa tangu juzi. Wenye bunduki walikuwa wamekataza kila mtu kuongea hewani kwa sababu ya mapigano.

"Basi tunaenda. Mimi njo nimezaa, mimi njo ntaenda."

Aliirudisha metodi yake kutoka kwenye nakala, nikachapa jedwali sahihi, nikalihakiki mstari kwa mstari na karatasi ya Daktari. Tulipata pikipiki, dereva mbele, mimi katikati, Papa Zorobabel nyuma ameshika mfuko. Mpaka Maboya njia ilikuwa ya kuvumilika. Baada ya hapo dereva alikuwa akiendesha kidogo na kusukuma sana.

Kabasha kulikuwa na barrière, kamba imepita katikati ya njia, na foleni ya watu waliotoka sokoni. Dereva alitaka kupita pembeni. Askari mmoja akaelekeza bunduki.

"Oyo nini? Munakimbia nini?"

Papa Zorobabel, mtu ninayemjua kwa upole na maneno ya kupimwa, alipiga kelele:

"Tunamufuata Kasereka! Iko Beni! Itauwa batoto!"

Niliona macho ya askari yakibadilika. Aligeukia foleni.

"Kasereka ni nani hapa?"

Watu wa kwetu ni wakweli kupita kiasi. Wanaume watatu walinyoosha mikono. Mmoja alikuwa mzee mwenye gunia la makaa. Mwingine alikuwa amebeba kuku wawili waliofungwa miguu. Wote wakapigishwa magoti kwenye tope. Askari wa pili akadai vitambulisho vya kila mtu, akafika kwa Papa Zorobabel, akasoma kwa sauti: "Kasereka Zorobabel." Akamsukuma naye chini, wakawa wanne.

Nilijaribu kuwaeleza. Nilisema metodi, nikasema programu, nikasema disketi. Kadiri nilivyosema ndivyo walivyozidi kuushika mfuko wetu kama wameukamata usaliti. Mwenye kuku alikuwa akilia bila sauti. Alirudia neno moja tu, kwamba yeye hajawahi kufika Beni.

Papa Zorobabel alimtazama yule mtu. Kisha akamtazama mzee wa makaa, na yule wa tatu. Halafu akainua kichwa na kuongea polepole, kwa sauti yake ya darasani.

"Chef, nilisema mubaya. Hakuna mutu. Ni karatasi. Kipimo ya quinine ya batoto, kwa kilo, imekoseka. Karatasi ya mubaya iko Mulekera, ya muzuri iko mu sac ya huyu dada. Tukichelewa, batoto batapewa dawa ya kupita kipimo."

Askari aliichukua karatasi, akaiangalia, kilo upande huu, dawa upande ule.

"Sasa juu ya nini haukusema vile tangu mwanzo?"

Papa Zorobabel alikuwa akimsaidia mzee wa makaa kusimama. Kamba ilishushwa na wote wakaachiliwa, ila kuku mmoja alibaki kwa askari.

Tulifika Mulekera alasiri. Kituo kilikuwa kimejaa mpaka nje: wanawake chini ya mahema ya plastiki, masufuria, watoto wenye macho yaliyodidimia. Jedwali letu lilikuwa ukutani. Chini yake, kwenye mkeka, mama kijana alikuwa amempakata mwanawe, na mkononi mwa mtoto ulishuka mrija wa seramu, yaani dripu.

"Yaya, funga!" nilimpigia kelele dada yangu. "Funga ile quinine!"

Agar aliufunga mrija kwanza, akauliza baadaye. Ndivyo alivyo. Tulipomweleza, alilibandua jedwali ukutani, akalikunja, na nilidhani atanipiga nalo.

"Hadassa, mudogo yangu, munataka niuwe batoto ya batu? Niliamini hii karatasi juu ilikuwa yenu!"

"Kosa ni yangu, Mama Agar," alisema Papa Zorobabel. "Yeye alikataza. Mimi nililazimisha."

Mtoto huyo alikuwa wa kwanza kupewa kwa ampuli mpya, na seramu ilikuwa imefika katikati. Agar aliinama, akaweka sikio kwenye kifua chake, akahesabu, akahesabu tena. Sote tulingoja. Papa Zorobabel alikaa kwenye saruji kando ya mlango, kofia mkononi, na hakuna aliyeweza kumtoa pale. Mimi niliogopa jana kuliko siku nyingine yoyote ya vita hivi, na nimeshaona nyingi.

Leo asubuhi nimeamshwa na kilio cha mtoto, kilio cha hasira, cha kudai ziwa. Agar alipita na beseni.

"Analia. Muzuri," alisema. Ndipo na yeye akaketi akalia.

Jumanne, 5 Novemba. Butembo

Tumerudi. Tukiwa Kabasha, Papa Zorobabel alimsimamisha dereva. Alikuwa amebeba kuku kutoka Beni, nami nilidhani ni wa nyumbani kwake. Akaingia kati ya nyumba akiulizia Kasereka. Wakamwuliza, Kasereka gani? Nilimsikia akijibu kwa uvumilivu: "Ule alinyanganywa kuku kwa barrière, siku ya tatu ya wiki iliyopita," yaani Jumatano. Wakamleta mara moja.

Alipopanda tena pikipiki alisema tu, "Fungua mukaguzi yako tukifika."

Alhamisi, 14 Novemba

Tunabadilisha majina. Phonie imefunguliwa, na kila asubuhi Phinées anatupigia tunagombania maneno. Metodi ya kwinini sasa inaitwa kipimoChaKwininiKwaKilo:. Ile ya Phinées ni kipimoChaDawaYaHomaKwaKilo:. Ni marefu, lakini hata ukilala kwenye kiti huwezi kuyachanganya.

Papa Zorobabel amegeuka mkali kuliko mimi. Phinées alipendekeza metodi moja iitwe fanya:. "Fanya nini?" alimwuliza. "Hata mwizi anafanyaka!" Yangu moja, angalia:, imekataliwa vilevile. Nilijaribu kuitetea na nikashindwa mbele ya Mkaguzi niliyemzaa mwenyewe.

Nami nimemletea kitu. Chini ya jina la kila metodi, Smalltalk inaruhusu mstari wa maelezo ambao mashine haiusomi, ni wa watu tu. Nimeongeza sharti: kila metodi iwe na mstari huo, useme nani aliizaa, wapi, na ni ya ngapi kwake. Chini ya ile ya kwinini nimeandika mwenyewe: Kasereka, wa tatu wa Zorobabel, Butembo.

Alisoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Wasingya," alinishukuru. Kwa Kinande, si kwa Kifaransa cha ofisini.

Metodi imebaki na kazi yake, na yeye amebaki na jina lake. Hakukosea aliposema jina la kazi linaweza kugeuka bongo, ndiyo maana Mkaguzi atapita kila wiki, betri itake isitake. Daktari ametoa amri: hakuna jedwali litakalochapwa kabla Mkaguzi hajapita. Barrière yangu imekuwa sheria.

Jumatano, 27 Novemba

Radi imepiga karibu na duka. Kompyuta salama. Mkaguzi bado ana malalamiko, machache.

Jumamosi, 7 Desemba

Leo Mkaguzi amepita programu nzima, ya Butembo na ya Beni pamoja. Nilikuwa nimemwekea neno la kusema siku atakapokosa kasoro, na nilishasahau kama nimeliandika. Kioo kilikaa kitupu, kisha likatokea:

Sina neno.

Papa Zorobabel alipiga meza kwa kiganja mpaka muuza misumari wa chini akatuuliza kuna nini. Nilimwambia apande aone. Alipanda, akasoma maneno mawili kwenye kioo cheusi, akatuangalia kama wendawazimu. Sijali. Nimeandika programu inayosomeka kama watu wanaongea, kwa Kiswahili, katikati ya vita, kwa umeme wa kuomba mawingu. Wako wapi wengine?

Saa chache baadaye phonie ikaita. Humo kila anayemaliza kusema hutamka À vous, yaani zamu yenu.

"Butembo, Butembo, huku ni Mulekera. À vous."

"Yaya, tunakusikia."

Agar alisema yule mama kijana, jina lake Berthe, amekuja kituoni kumpima mwanawe. Kilo zimeongezeka. Anataka kuwashukuru wale watu wa ordinateur waliokuja na tope siku ile. Papa Zorobabel alininyang'anya kipaza sauti.

"Mama Agar, ule mutoto, siku ile hatukuuliza. Jina yake ni nani? À vous."

Kwanza tulisikia mvumo wa hewa tu, halafu kicheko cha Agar, ambacho sikuwa nimekisikia tangu mvua zianze.

"Kasereka! À vous."

Papa Zorobabel alifumba macho. Kisha akajinyoosha kama mwalimu anayeingia darasani.

"Mulekera, jina ile haitoshe. Kasereka wa nani? Wa wapi? Kazi yake nini? À vous."

Tulisikia Agar akimgeukia mtu, sauti ya mwanamke ikijibu, na nyuma yao mtoto akigombana na kitu. Jibu lilikuja safi, neno kwa neno.

"Kasereka wa Berthe. Wa Mulekera. Kazi yake ni kunyonya. À vous."